Majibu Ishirini na Matatu ya Kaldaküla

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Oruveski, Estonia. Ijumaa, 14 Machi 2025, saa 4:05 asubuhi.
Jina: Õie Pihlakas. Umri: miaka 58. Kazi: mkutubi. Makazi: kijiji cha Kaldaküla.

Nasema kwa hiari yangu, ingawa nilitamani mtu mwingine aseme.

Mnamo tarehe 3 Machi halmashauri yetu iliweka swali kwenye tovuti yake: shule ya Kaldaküla, yenye watoto sita, ifungwe au ibaki? Mkazi hujibu kwa kadi yake ya kitambulisho na namba ya siri. Majina na majibu huonwa na wote. Unaweza kubadili jibu, na la mwisho ndilo linalohesabiwa. Mimi sikuwaamini tangu siku ya kwanza. Wakubwa wakikuuliza maoni kwa upole namna ile, ujue wameshaamua. Hata hivyo niliwakalisha wazee mmoja mmoja kwenye kompyuta ya maktaba. Bibi Salme Kukk, miaka 86, aliniambia, "Andika ibaki, mwanangu. Tena kwa herufi kubwa, hao wa mjini hawaoni vizuri."

Jumanne tarehe 11 jioni, wakazi arobaini walikuwa wamesema ibaki, tisa ifungwe. Alhamisi saa 3 asubuhi nikakuta ibaki ni kumi na saba, ifungwe thelathini na mbili. Bibi Salme alikuwa upande wa kufunga. Na mimi pia jina langu lilikuwa huko.

Nilipanda basi hadi ofisi ya halmashauri. Nikamwambia karani, Kaire Vainola, "Mmetupikia matokeo."

"Dada Õie, hata chai sijanywa, hayo matokeo nimeyapika saa ngapi?" alisema, akanigeuzia kompyuta. Majibu ishirini na matatu yalibadilishwa Jumatano, kati ya saa 8:10 na saa 9:25 mchana.

Nilikaa chini. Jumatano kwetu ni siku ya dawa. Duka la dawa liko mjini na dawa hutolewa kwa kadi, kwa hiyo kadi zetu tunazitia kwenye kopo la biskuti pale maktaba, na mdogo wangu, Tarvo Pihlakas, miaka 51, hulichukua kwa gari lake. Wazee huzungushia kadi karatasi yenye namba ya siri, wasiisahau. Nimewakemea miaka yote, wananicheka: "Nani wa kutuibia huku, kuku?" Jumatano ile kadi zilikuwa ishirini na tatu, yangu ikiwemo. Kopo lilitoka saa 6 mchana, likarudi saa 11 jioni.

Nilitafuta mwingine wa kumshuku. Nilimfikiria muuza dawa, nikafikiria hata mtu aliyefungua gari. Lakini kadi yangu haina karatasi. Namba yangu anaijua Tarvo peke yake, tangu nilipolazwa kwa nyonga mwaka juzi, akanishughulikia kila kitu.

Jana saa 12 jioni nilimkuta anapasua kuni. Nilimuuliza, naye hakukana.

"Shule ikifungwa, watoto watahitaji gari la kuwapeleka mjini," alisema. "Nimeahidiwa usukani. Miaka miwili sina kazi, dada."

"Umeahidiwa na nani?"

"Usiniulize hilo."

"Si ungeniomba mimi?"

"Ungekataa."

Ni kweli, ningekataa. Aliyemwahidi ninamshuku, ila sina ushahidi, simtaji. Kinachoniuma ni Bibi Salme kusemeshwa asichosema, tena na mtu anayemletea dawa.

Baraza linakaa Jumatatu. Karani amesema bila maelezo ya polisi, majibu yatabaki yalivyo.

Nimeulizwa kama nina ugomvi na Tarvo. Sina. Nimemlea tangu mama yetu alipofariki.

Ijumaa basi halipiti kwetu, kwa hiyo leo amenileta yeye. Aliposimamisha gari alisema, "Nenda dada, nipo hapa nje."

Niliyoyajua ni hayo. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi: Õ. Pihlakas

Maelezo yameandikwa nami, Konstebo Margus Teder, na kusainiwa saa 5:20 asubuhi. Nilimshauri shahidi atokee mlango wa nyuma, akakataa. Nilipotoka kumwita mtuhumiwa, nilimkuta shahidi ameketi kando yake garini. Aliomba waingie pamoja.