Barua Ambayo Kibet Aliisoma Mara Mbili

Leeds, Uingereza
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa Mama yangu, huko Ndanai,

Chamgei, Mama. Naomba barua hii ikukute umeamka na umewasha moto, maana najua siku hizi hata hilo ni kazi. Magoti yanakuuma bado? Na yule ng'ombe mwekundu, mnamkamuaje? Chelangat aliniandikia kwamba tangu ndugu yetu Kibet atuache, anarusha teke, kwa sababu alizoea mikono yake. Mvua je, ilinyesha vya kutosha, au majani ya chai yamekuwa magumu? Mimi mwili uko sawa. Nakula, naenda kazini, narudi.

Chelangat, dada yangu, najua ni wewe unayemsomea Mama sasa, kwa sababu aliyekuwa akisoma hayupo. Nakuomba usome yote kama yalivyo. Usiruke mahali, usipunguze makali. Ukifika pale panaponiaibisha, ndipo uende polepole.

Mama, ninaandika kwa sababu ya ile barua yangu ya mwisho kwa Kibet, ile aliyowasomea jikoni siku kumi na moja kabla hajafa. Haikusema vile alivyowasomea. Nataka ujue ilisema nini, na ujue kwamba Kibet hakuwa na kosa.

Ili uelewe, lazima nikueleze kazi yenyewe, jambo ambalo sijawahi kufanya vizuri. Uliponiuliza nakuja huku kufanya nini nilikujibu tu, "Mambo ya kompyuta."

Unakumbuka ile programu mimi na Kibet tuliyoitengeneza kwenye kiwanda cha chai, Jumamosi baada ya majani ya mwisho kupokelewa? Ilisoma majina ya wakulima na kilo za kila kituo, ikazijumlisha. Tuliiandika kwa lugha inayoitwa C. Kompyuta haielewi maandishi hayo moja kwa moja. Kuna kitu kinaitwa kompaila, ambacho huyachukua na kuyasindika, kama kiwanda kinavyochukua majani mabichi na kutoa chai. Sasa, majani ya shamba moja ukiyapeleka viwanda vitatu, hupati chai ya namna moja. Ndivyo ilivyo na kompaila. Kila aina ya mashine ina yake.

Tena programu haijitoshelezi. Inaazima vitu kutoka kwa mashine, vitu vinavyokaa katika kile wanachokiita laibrari. Ni kama wewe ukienda kupika kwenye harusi ya watu. Unaenda ukidhani mwiko upo na sufuria kubwa ipo. Nyumba nyingine utazikuta, nyingine hakuna, na nyingine utapewa mwiko lakini ni mfupi, uungue mkono. Kazi yangu hapa ni hiyo. Nachukua programu yetu, naijenga kwenye mashine tatu zisizofanana, nione ni wapi inakataa, kisha niirekebishe ikubali kote, maana kiwanda kitaletewa mashine kubwa na ile ndogo tuliyoizoea itaondolewa.

Kibet ndiye aliyenifundisha namna ya kukagua kabla ya kujenga. Alikuwa anaandika viprogramu vidogo sana, mistari mitano au sita, kila kimoja kina swali moja tu. Je, hii ipo? Je, namba kubwa inaingia hapa? Mashine ikijibu anaweka alama ya penseli kwenye kadi, anaendelea. Mimi nilikuwa nachoka. Nilimwambia siku moja kwamba anauliza maswali kama mama mkwe. Akajibu bila kuinua kichwa, "Na wewe unajenga kama mtu anayefukuzwa na nyuki."

Mashine ya kwanza hapa ilikubali baada ya siku mbili. Ya pili ilikosa vitu kadhaa ambavyo ile ya kiwandani ilikuwa navyo. Kwa mfano, sisi tulikuwa na kitu cha kulinganisha majina bila kujali herufi kubwa na ndogo. Hapa kinaitwa jina lingine kabisa. Nilivitafuta kimoja kimoja, nikavipata. Ya tatu ilijengwa mara moja. Kompaila haikulalamika hata neno moja. Nilifurahi, Mama. Niliwaambia wakubwa kwamba nimemaliza, na wakasema basi mwisho wa mwezi naweza kupanda ndege nije nyumbani.

Kuna mzee anaitwa Bwana Arthur anayetunza chumba cha mashine. Ananiita Bwana Chai. Nilipomweleza alikunja uso akaniuliza, "Haikusema lolote?"

"Hakuna."

"Bwana Chai, hapo ndipo mimi ningeanza kuogopa."

Alisema kweli. Tulipoiwasha ilisoma majina yote ya wakulima vizuri, mpaka la mwisho, halafu haikusimama. Ilikuwa inaandika alama moja ya ajabu, tena na tena, karatasi zikajaa sakafuni. Haikujua kwamba orodha imekwisha. Wakubwa walisema siwezi kuondoka mpaka isimame. Safari yangu ikaahirishwa.

Nilitafuta wiki tatu. Nilikagua laibrari, nikakagua kila kitu kilichoazimwa. Kumbe kosa halikuwa katika kuazima. Lilikuwa katika chombo cha kupokelea. Programu inaposoma inapokea herufi moja moja, na orodha ikiisha inapokea alama ya mwisho, ambayo ni namba iliyo chini ya sifuri. Ukiwa na chombo kipana, alama hiyo inakaa sawa popote. Ukiweka chombo kidogo cha herufi tu, mashine zingine zitaihifadhi vizuri, lakini zingine hazikubali kitu kilicho chini ya sifuri ndani ya chombo hicho. Zinaigeuza. Ikishageuzwa, haifanani tena na mwisho. Programu inaitazama, haioni chochote cha kuisimamisha, inaendelea. Kwenye ile mashine ya kiwandani chombo kidogo hakikutudhuru hata siku moja, ndiyo maana hatukujua.

Mstari uliochagua chombo hicho ulikuwa katika sehemu ya kusoma majina. Na sehemu ya kusoma majina, Mama, iliandikwa na Kibet.

Basi nilikaa siku hiyohiyo, kwa hasira ya wiki tatu na safari iliyopotea, nikamwandikia. Nitayaandika hapa maneno yenyewe kwa sababu nayakumbuka yote. Nilisema, "Kibet, mstari wako mmoja, ule wa chombo kidogo cha herufi, umenifunga huku kama mbuzi. Nilidhani wewe ndiye mwangalifu. Kumbe ni mtu wa kubahatisha. Nikirudi, kaa na ng'ombe, kompyuta usiiguse." Sikuuliza habari zake, wala zako. Salamu hazikuwamo, Mama, hata moja.

Baadaye ikaja ile simu. Chelangat alipiga kutoka duka la sokoni, na laini ilikuwa inakatika, na nilisikia neno malaria, na siku nne, na halafu kwamba mmeshamzika. Nilisimama na simu mkononi. Bwana Arthur aliniwekea kiti nyuma ya magoti kama unavyomwekea mtoto. Sikuja. Hata kama ningepanda ndege saa hiyo, kaburi lilikuwa limeshafunikwa.

Niliomba Mungu sana jambo moja, nalo ni kwamba barua yangu iwe imechelewa njiani, kwamba imekaa katika sanduku la posta la shule tunalopokelea barua, na Kibet hakuiona.

Kisha nikapata barua ya Chelangat. Aliandika ili kunifariji, simlaumu. Alisema, "Usijitese, angalau Kibet alikwenda akijua umemsifu." Akaeleza kwamba barua yangu ilifika jioni ya Jumamosi, Kibet akaifungua jikoni, na wewe ukamwambia asome kwa sauti kama kawaida yake, aigeuze kwa Kipsigis. Akaipitishia macho karatasi nzima kwanza. Ukamwambia, "Macho yako yamezeeka kabla ya yangu?" Akacheka, akasoma. Akasoma kwamba ninakusalimu sana, kwamba programu imekubali mashine zote tatu, na kwamba sehemu yake ndiyo iliyofanya kazi vizuri kuliko yangu. Akasoma kwamba nikirudi tutakaa pamoja kwenye kompyuta kama zamani. Wewe ulifurahi ukasema, "Rudia hapo." Naye akarudia, Chelangat anasema, maneno yaleyale, hakubadilisha hata moja.

Mama, nilisoma hayo nikiwa nimesimama dukani mahali ninaponunua mkate. Nilitoka bila mkate.

Unaona alivyofanya. Aliyasoma matusi yangu kwa macho, na kwa mdomo akatoa barua nyingine. Na mara ya pili alilazimika kuikumbuka yote, huku karatasi mkononi ikimwambia kaa na ng'ombe.

Hayo peke yake yangetosha kunivunja. Lakini kuna zaidi, na hili Chelangat asiliruke.

Wiki iliyopita nilitaka tu kuona mwandiko wake. Nilikuja na disketi zetu zote ndani ya lile kopo la majani, kila moja ina karatasi aliyoandika kwa penseli, herufi ndogo zimelala upande mmoja. Nilichukua ile ya kwanza kabisa, nikaifungua kwenye mashine ili nisome kazi yake ya mwanzo. Nikafika kwenye ule mstari. Kibet alikuwa ameweka chombo kipana. Pembeni aliandika, "Chombo kibaki hivi. Kitabu kinasema mashine zingine hazitaona mwisho."

Nikafungua ya pili. Hapo chombo ni kidogo, na maneno ya pembeni yamefutwa. Na juu ya ukurasa, mahali pa kuandika nani amebadilisha, jina ni langu.

Nimekumbuka sasa. Kibet alikuwa ameenda kula mahindi ya kuchemsha kwa yule mama wa getini. Kompyuta ilikuwa na nafasi ndogo, nami nilikuwa napunguza hiki na kile ili programu iingie. Niliona chombo kikubwa kinabeba herufi moja tu, nikaona ni ubadhirifu wa Kibet, nikakipunguza. Nikafuta na maneno yake ili pawe safi. Niliijenga, ikakubali, nikafanya kazi nyingine. Aliporudi alinipa nusu ya hindi. Sikumwambia, kwa sababu sikuona cha kumwambia.

Kwa hiyo yeye, siku ile jikoni, alijua. Kibet alizijua kazi zake mstari kwa mstari. Alipoona ninamlaumu kwa chombo kidogo, alijua hakukiweka yeye, na hakukuwa na mtu mwingine aliyegusa programu ile ila mimi. Angeweza kukuambia wewe. Angeweza kuniandikia mstari mmoja tu kunijibu, na ningenyamaza maisha yangu yote. Chelangat anasema kesho yake alikwenda kanisani, na Jumatatu akapeleka majani kituoni, na alikuwa mtu wa kawaida. Ninamuuliza Mungu kila siku ile kawaida ilikuwa na nini ndani.

Nimeandika kwa meneja wa kiwanda nikamweleza kwamba sehemu ya Kibet ilikuwa sawa tangu mwanzo na kosa ni langu. Nimerudisha chombo kipana, na maneno yake ya pembeni nimeyarudisha yalivyokuwa. Mashine zote tatu sasa zinasimama mahali orodha inapoishia. Bwana Arthur alinipa mkono. Sikuweza kumtazama.

Nitakuja nyumbani mwezi ujao, wameniruhusu. Ndiyo sababu ninaandika sasa, nisije nikasubiri kukuambia ana kwa ana halafu nikakosa ujasiri nikishaona sura yako. Najua kwa kukuambia nimekunyang'anya kitu. Kibet alikupa wana wawili wanaopendana, na mimi nimeandika kurasa hizi kukuonyesha kwamba ni mmoja tu aliyekuwa hivyo. Nimefikiri sana kama nikuachie zawadi yake. Lakini nikinyamaza, utanipokea kwa sababu ya maneno yake, na nitakula chakula chako kwa jina lake.

Wasalimie wa nyumbani wote. Msalimie mjomba wa Siongiroi, yule wa ng'ombe, umwambie asante kwa kusimama kaburini mahali pangu. Msalimie mke wa mchungaji aliyemwosha Kibet. Msalimie yule mzee karani wa kituo cha majani, aliyemfundisha Kibet kusoma mizani, na jirani yetu fundi wa viatu. Yule mama wa mahindi getini usimsalimie, nitaenda mwenyewe.

Chelangat, jambo la mwisho. Kibet hakuwa mtu wa kutupa karatasi. Ile barua yangu iko mahali, katika koti lake au ndani ya Biblia au chini ya godoro. Itafute. Ukiipata usiichome kwa kunionea huruma. Msomee Mama ilivyo, mara moja tu, kabla sijafika. Kisha, Mama, siku nitakayoingia kwenye boma, kama utakuwa umekaa mlangoni nitakuja nikusalimie. Kama utakuwa ndani na mlango umefungwa, nitakaa nje kwenye kigogo mpaka utakapotaka, na sitabisha hodi.

Mimi mwanao aliyebaki,
Kiprono