Siku Mama Mkwe Aliposhika Honi

Mama mkwe mpendwa,

Juzi asubuhi honi ya pikapu ilinyamaza tena. Nilikuwa natoka uani kwetu Bigwa, nikabonyeza ili nimshtue kuku aliyelala mbele ya tairi. Kimya. Kuku hata jicho hakufungua. Rehema, mwanao, alikuwa mlangoni ameshika sufuria. Tukatazamana, tukaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kizingitini. Baada ya kucheka akalia kidogo. Ni mwezi wa saba sasa tangu tukuzike Kinole, na vitu vidogo kama hivi bado vinatushika ghafla.

Ndiyo maana nakuandikia. Naiacha barua hii wazi ili na wale ambao hawakukujua wakujue, hasa wanaowaogopa wakwe zao kama nilivyokuogopa mimi.

Nilikuogopa kweli, mama. Nilikuwa mtu wa kuja, Mrangi wa Kondoa niliyefika Turiani kutafuta kazi kwenye miwa, nikahamia mjini, nikanunua pikapu kuukuu na kuanza kupanda kwenu Kinole, mlimani, kununua ndizi. Huko ndiko nilikompata Rehema. Siku ya kuposa uliutazama mkeka tangu mwanzo hadi mwisho. Siku ya harusi vivyo hivyo. Mwaka mzima baada ya hapo, mazungumzo yetu yalikuwa "shikamoo mama" na "marahaba", tena marahaba yenyewe ya kunong'ona. Nikaamini kwamba hukunitaka.

Kisha Rehema akalazwa hospitali, mimba ya Asha ikiwa imefikia siku zake. Presha ilikuwa imempanda, na wauguzi walisema huenda mtoto akatolewa kwa upasuaji siku ileile. Alinishika mkono akasema, "Niletee mama."

Nikapanda mlima bila kunywa chai. Kupanda, honi ilikuwa inalia vizuri tu. Nilipofika habari zilikuwa zimenitangulia, na ulikuwa umeshafunga kikapu: unga wa uji, kanga mbili mpya, mdalasini wa shambani kwako. Ukapita moja kwa moja kwenda nyuma ya gari.

"Nitakaa huku nyuma," ulimwambia jirani yako ili aniambie mimi, nami nimesimama hatua mbili tu kutoka hapo.

Jirani akakutazama, akatazama mvua iliyokuwa inaanza. "We dada, mwanao yuko hospitali, wewe unaona haya kukaa na mkweo? Panda mbele!"

Ukapanda. Ukajibanza mlangoni, kikapu ukakiweka katikati yetu kama ukuta.

Ile barabara unaijua kuliko mimi. Upande mmoja mlima, upande mwingine bonde, na kona ambazo humwoni anayekuja mpaka mmeshakutana uso kwa uso. Kule dereva anapiga honi kabla ya kila kona, na akisikia nyingine inajibu anasimama. Siku ile ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Kwenye kona ya kwanza nikabonyeza, hakikutoka kitu. Nikabonyeza tena. Mara bodaboda akatokea na mikungu miwili ya ndizi, nikakanyaga breki, naye akaingia kwenye majani ya mtaroni.

Nilishuka mbio. Alikuwa mzima, ila amekasirika, na alikuwa na haki.

"We jamaa, honi huna?"

"Imekufa sasa hivi, kaka. Nisamehe."

"Kama imekufa si upige kelele! Utaua watu!"

Tukamsaidia kuinua pikipiki, wewe ukaokota ndizi zilizochomoka. Alipoondoka nikafungua boneti. Nikaitoa fyuzi ya honi, nikaiangalia kwenye mwanga: nzima. Hata hivyo nikaweka nyingine. Kimya. Nikabaki nimeinama pale, sioni hata ninachokitazama, nawaza Rehema tu. Sikujua nianzie wapi.

"Baba."

Niligeuka kuona nani ameniita. Ulikuwa wewe, umesimama mvuani, kanga kichwani.

"Hebu tuulizane," ukasema. "Hiyo honi ni bubu, au ni nzima ila haijaambiwa?"

Sijasahau swali lile. Mafundi wengi nimekaa nao tangu hapo, sijasikia mwanzo mzuri zaidi. Nilikuwa na waya mrefu nyuma ya kiti, niliununua kwa ajili ya taa ya uani. Nikakata kipande, nikakitoa kwenye betri nikakigusisha kwenye honi moja kwa moja. Ikalia kwa nguvu hivi kwamba uliruka nyuma ukashika kifua, kisha ukacheka. Nami sikuwa nimewahi kukusikia ukicheka.

"Kumbe haijaambiwa!"

Nikakuonyesha rilei, kile kisanduku kidogo cheusi kinachopokea amri ya kidole kutoka kwenye usukani na kuifungulia honi umeme. Nikakueleza kwamba kikipata amri kinagonga, tik, unaisikia hiyo tik hata kwa ncha ya kidole. Ukaweka kidole juu yake, mimi nikaenda kubonyeza.

"Kimegonga?"

"Hakijagonga."

"Na sasa?"

"Kimelala, baba. Bonyeza kwa nguvu!"

"Nabonyeza, mama!"

Tulikuwa tunapigiana kelele kama watu waliozoeana miaka. Nikakibadilisha na kingine kama hicho cha taa, bado hakikugonga. Basi tukajua amri inapotelea kwenye usukani wenyewe, na spana ya kuufungulia nilikuwa nimeiacha nyumbani.

"Tukae hapa mpaka lini?" ukauliza. Halafu ukautazama ule waya. "Si unafika mpaka ndani?"

Ulifika. Waya mmoja nikautoa kwenye betri, wa pili kwenye honi, nikazipitisha zote mbili dirishani kwako. Ncha nikaziacha wazi, kwingine nikafunga tepu, nikakukabidhi. Ukizigusanisha, honi inalia. Kikapu ukakihamishia miguuni, maana ulihitaji nafasi ya mikono.

Tulishuka hivyo mpaka Bigwa. Nikisema "kona", wewe unagusanisha. Baada ya kona nne ukawa hunisubiri tena, unaijua barabara, unapiga mwenyewe na kunipa amri: "Hapa taratibu. Hapa kuna watoto wa shule. Hapa simama kwanza, tusikilize." Cheche ndogo zikiruka unasema "mh!" na kuendelea.

Tulipofika njia iliponyooka ukasema bila kunitazama, "Siku ya harusi hukuniambia neno. Nikadhani unatudharau watu wa mlimani."

"Niliogopa, mama. Nilidhani wewe ndiye hukunitaka."

"Mimi? Nilikuwa nakupa heshima yako." Ukatikisa kichwa. "Mwaka mzima, baba. Tumepoteza mwaka mzima."

Tulimkuta Rehema bado wodini. Alipokuona alikushika shingo kama mtoto mdogo. Saa mbili baadaye walimwingiza chumba cha upasuaji, nasi tukakaa kwenye benchi moja bila kikapu katikati, na kabla ya magharibi muuguzi akatuita tumwone Asha. Wewe ndiye uliyempokea kwanza. Kisha ukanigeukia ukasema, "Chukua mtoto wako, usiogope," ukanipangia mikono.

Siku iliyofuata fundi alifungua usukani akakuta kijichuma kinachopeleka amri kimelika chote. Alipoona waya wetu alishika kiuno. Akasema waya ule bila fyuzi ungeweza kutuchoma humo humo ndani. Nilipokuhadithia ukasema tumshukuru Mungu na tusimwambie Rehema. Leo namwambia, mama, maana ataisoma hii.

Tangu hapo ulikuwa unakaa mbele. Tuliongea miaka kumi na minne: bei za mdalasini, ubishi wa Asha, sukari yangu iliyopanda nikakataa dawa mpaka uliposhuka mwenyewe kuja kunisimamia. Mama yangu mzazi alifia Kondoa nikiwa kijana. Sikukuambia vya kutosha kwamba pengo lile ulilikalia wewe. Nilidhani unajua. Labda ulijua, lakini nilipaswa kusema.

Sasa nikupe habari za juzi. Rehema alifuta machozi, akaja kwenye boneti akauliza swali lako lilelile. Akaweka kidole kwenye rilei, nikabonyeza, ikagonga. Amri inafika, basi. Nikapima kwa taa ya majaribio waya wa kwenye honi: umeme upo. Safari hii honi yenyewe ilikuwa imeshindwa, lakini haikuwa imekufa. Pale inaposhikana na bodi, ambapo umeme hupita kurudi kwenye betri, palikuwa na kutu nene. Nikafungua bolti, nikasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikaikaza. Ikalia hadi majirani wakatoka.

Na kuna habari kubwa zaidi. Kwa desturi yenu, nyumba yako na shamba vimekwenda kwa Rehema. Wiki mbili zilizopita mama mdogo, yule mdogo wako wa mwisho, alituita akatukalisha. Alisema midalasini inataka kukatwa, na nyumba isiyo na moto jikoni inaoza. Rehema alinitazama mimi. Miaka yote amenifuata mjini bila kulalamika. Nikamwambia mama mdogo kwamba mimi sijui kulima mlima, jembe langu ni la tambarare.

"Utafundishwa," akasema. "Nani kakuambia sisi tulizaliwa tunajua?"

Basi tunahamia, mama. Jumamosi, Inshallah, tunapanda na magodoro na vyombo. Asha amepata nafasi shule ya kule, na ameshachagua chumba chenye dirisha la bondeni. Nina wasiwasi, sikufichi. Umri umesogea, na miteremko ile inanitisha hata kwa macho. Lakini usiku nalala vizuri, na Rehema ameanza kuimba akipika.

Mlango wako wa jikoni umevimba kwa mvua, haufungi. Nimenunua randa. Nitaanza na huo.

Pumzika, mama. Nyumba ina watu.

Mkweo,
Baba Asha