Kitenge cha Mama Nduwayezu

Heru Juu,
kupitia duka la Hilali,
Kasulu.
21 Julai 1996

Mpendwa dada Immakulata,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Hujambo wewe? Na shemeji Bazilio, mgongo umemwachia? Sisi tupo. Shemeji yako Pasikali hajambo, yuko kwenye maharage yake. Kijana wetu Fidele hajambo, amerefuka hadi suruali zinamkimbia. Mama mkwe anakohoa asubuhi, lakini ugali anakula. Aline alikuwa na homa, sasa anacheza. Na mimi mwili ni mzima.

Moyo ndio haujatulia, dada. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana.

Kipupwe cha mwaka huu ni kikali, Aline akawa anatetemeka darasani. Jumamosi ya juzi juzi Hilali mwenye duka alikuwa anapeleka maharage Kigoma kwa lori, akatupa nafasi mimi na mtoto. Tulifika sokoni Mwanga belo la mitumba, kafa-ulaya, ndiyo kwanza linafunguliwa, nguo zingali na ile harufu ya dawa. Nikainama na wenzangu kuchambua. Nikaona sweta la bluu, zito, la kimo cha Aline kabisa. Nikashika mkono mmoja wa sweta. Mkono wa pili alikuwa ameushika mama mwingine, na yeye ndiye aliyetangulia. Nakwambia ukweli, alitangulia.

Akaniomba kwa Kirundi, kwa adabu: ndagusavye, mama, nakuomba, hili ni la mwanangu. Kirundi cha mama yetu kile kile. Mimi nikamjibu kwa Kiswahili, "Sisikii kikwenu. Nyie si mnapewa bure huko kambini? Tuachieni na sisi wenyeji."

Wanawake wakacheka. Muuzaji akasema, "Mkimbizi, mwachie mwenye nchi." Yule mama akafungua vidole, akaondoka. Nikalilipia sweta, nikamvika Aline pale pale. Aline alinitazama tu, maana kila jioni ananisikia nikisali rozari kwa lugha hiyo hiyo.

Baadaye mtoto akaomba kuliona ziwa, tukashuka ufukweni. Dada, lile si ziwa ulijualo. Upepo wa kusini ulikuwa unang'oa mabati, mawimbi yanapanda kama vilima, mitumbwi yote imevutwa juu mchangani. Watu wamejikunyata nyuma ya vichanja vya dagaa. Na yule mama yuko pale, anatazama maji. Nikageuza uso.

Hapo ndipo Aline aliposogea kuokota kombe, wimbi likamwangusha na kumvuta. Nikapiga kelele kumwita mama na mwanangu, na kilichonitoka hakikuwa Kiswahili: "Mawe, umwana wanje!" Yule mama alikuwa karibu kuliko mimi. Aliingia hadi kiunoni, akamtoa.

Sweta lilikuwa limenywa maji, halina faida. Akamvua. Akachukua kitenge chake alichokiacha mchangani, akamzungushia mtoto, yeye akabaki na gauni lililolowa. Ndipo akaniangalia. Akasema, "Kumbe unasikia."

Basi. Kwangu hakusema lingine. Alizungumza na Aline tu, akimsugua miguu: kwamba ana kijana wa kimo chake, Nduwayezu, amebaki ng'ambo ya ziwa na mjomba wake, na yeye mwenyewe anawangoja hapo siku ya nne sasa, ila kwa upepo ule hakuna mtumbwi utakaovuka.

Honi ya lori ikalia. Nikambeba mtoto nikapanda. Kitenge chake nimeondoka nacho, na asante sikusema, kwa lugha yoyote.

Unakumbuka mwaka wa sabini na mbili tulipoikimbia Burundi, mimi mgongoni mwako. Yule mama Mha wa Kibondo aliyetupa uji hakutuuliza tunasikia lugha gani.

Pasikali nimemweleza. Akasema, "Mama Aline, hilo halifuliki kwa sabuni." Hilali ameniulizia, anasema yule mama ameletwa kambini huku Kasulu, lakini mwisho wa mwezi wa nane watahamishiwa Kibondo. Kama mtoto wake alifika, Hilali hajui, na mimi usiku naliwaza hilo tu.

Kitenge nimekifua. Sweta limekauka, Aline hataki kulivaa tena. Nataka kuvipeleka vyote viwili. Lakini desturi ya kwetu unaijua: mkosaji haendi peke yake. Mkubwa wake anatangulia na kibuyu cha pombe, anaanza kusema yeye, mkosaji yuko nyuma kimya. Na mkubwa wangu ni wewe tu.

Sasa nakuja kwenye linaloniuma zaidi. Miaka kumi na mitatu hujakanyaga nyumba yangu. Nilikuwa nakuandikia mara barabara mbaya, mara nyumba ndogo. Ulikuwa uongo, dada. Majirani hapa wanaamini mimi ni Mha wa Buhigwe. Niliogopa ukifungua mdomo watajua nilikotoka. Ulinibeba mgongoni, nami nikakuficha.

Njoo. Omba mapema kibali cha kutoka hayo makazi ya wakimbizi, upande treni hadi Kigoma. Nitakupokea mwenyewe stesheni, na tutazungumza Kirundi njia nzima mpaka mlangoni kwangu. Anayesikia na asikie.

Msalimie sana Bazilio, na Habonimana na mkewe, na Uwimana mwambie sisi huku tunamtamani. Mungu awalinde na baridi na awape mavuno.

Nijibu upesi, hata mstari mmoja. Ndizi za pombe zimekomaa, nitazivundika siku nitakayopata neno lako.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Ntirampeba, mama Aline