Gemu ya Kamba Uliyoipa Mbili

Njuguna,

Nimeandika jina lako peke yake. Nilijaribu kuanza na "mpendwa" kama watu wanavyofanya, nikaona nitakuwa nadanganya, na kati yetu wawili mwongo mmoja anatosha. Bado nimekukasirikia. Nimekukasirikia tangu tulipokuzika kwenu Dundori, kando ya shamba la viazi, mvua ikitunyeshea na viatu vikizama kwenye tope.

Lakini kuna gemu tatu nimezimaliza na sina mtu wa kutoa hukumu naye. Kwa hivyo nakuandikia wewe, hata kama hustahili.

Sheria uliitunga mwenyewe. Gemu ikiisha tunashuka kwa yule jamaa anayeuza smokie, zile soseji za moshi, hapo kona, na hakuna anayeuma kabla ya kusema namba yake, moja hadi kumi. Ni lazima iwe namba ya kweli, hata kama gemu ilichaguliwa na mwenzako. "Kwa hukumu hakuna urafiki," ulikuwa ukisema, kachumbari ikikudondokea kwenye shati la kanisa. Hiyo ndiyo ilikuwa Jumapili yetu. Unatoka ibadani, unaegesha pickup yako ya maziwa nyuma ya ploti ninayokaa hapa mjini, unapanda ngazi ukiuliza kama kuna chai. Siku hizi nashuka peke yangu. Yule jamaa aliniuliza, "Boss, mwenzako siku hizi alienda wapi?" Nikamwambia umehama. Lile neno lingine lilinishinda.

Haya, gemu ya kwanza. Ni ya chura anayebeba taa. Imetengenezwa leo ionekane kama ya zamani, vidoti vikubwa vikubwa na muziki wa kulialia. Kwenye mipangilio yake kuna mahali pa kuongeza mistari kwenye skrini, ili ifanane na televisheni za kale. Mistari, Njuguna. Ile ile tuliyokuwa tukiipigia televisheni ya baba yangu makofi ubavuni ili iondoke. Na haikuwa hata na rangi. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba anga ya gemu yetu ilikuwa ya buluu. Hawa watengenezaji wanauza utoto, lakini si wangu. Wangu ni ile kaseti ya njano iliyoandikwa kwamba ina maelfu ya gemu, tukazipekua zote tukakuta ni zile zile chache zimebadilishwa majina. Ulilia siku hiyo ukitaka kuirudisha dukani. Naipa tano, na hiyo tano ni ya muziki.

Ya pili ni ya ukulima, na hii nilikuwa naomba uione kwa sababu ungeitukana vizuri kuliko mimi. Unapanda viazi, unamwagilia kidogo, unalala mara chache, umevuna. Hakuna ugonjwa wa majani. Hakuna baridi ya kuunguza shamba usiku mmoja. Hakuna broka anayekuja kununua kwa gunia refu kuliko mtu. Majirani wote wanakupenda ukiwapelekea ua. Kuna mzee anavua samaki pale darajani, na miaka inapita, unajenga nyumba, unaoa, naye bado anavua. Hakuna anayekufa katika kijiji kile. Nilivumilia mpaka mwisho kwa ubishi tu. Naipa tatu. Watu wanaiita gemu ya kutuliza roho, na mimi iliniacha nikitaka kurusha kompyuta nje.

Ya tatu ni ya chombo cha angani, unapiga risasi tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni ngumu mno. Nyingine zote siku hizi zinakuhifadhia kila hatua, ukifa unarudi pale pale na mali yako yote, kufa kumekuwa kama kupiga chafya. Hii ukifa umekufa. Unaanza upya kabisa, kama enzi za kaseti. Nimeipa nane, na nilipoitaja hiyo nane kwa sauti, jamaa wa smokie akadhani naagiza smokie nane.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Ile gemu ya kamba. Ndugu wawili wanashuka kwenye kisima kikavu kutafuta maji, wamefungwa kamba moja kiunoni. Mmoja akiteleza, mwingine anabonyeza kitufe na kumvuta. Huwezi kuicheza peke yako. Tuliianza vizuri, ukicheka na zile suruali zao fupi. Halafu ukaanza kuanguka. Ulianguka kwenye vishimo ambavyo ungeviruka ukiwa umesinzia. Ulisema pad yako ya kuchezea imeharibika, nami nikakucheka, maana tangu utotoni kila anayechapwa husingizia pad. Nikakupa yangu. Ukaanguka na yangu pia. Nikakuvuta, ukaanguka, nikakuvuta tena, mchana ukaisha hivyo, nikikutania kwamba umezeeka.

Ukaweka pad kwenye kochi taratibu, ukasema twende kwa smokie, na gemu haijaisha. Hatukuwa tumewahi kufanya hivyo. Hata hatujafika kona ukanipa hukumu.

"Mbili. Hiyo gemu ni takataka, Kiprono. Ifute."

Nikaifuta jioni hiyo. Kwa hukumu hakuna urafiki, na wewe hukuwahi kuvunja sheria. Baada ya hapo ukawa huji. Mara maziwa yameongezeka, mara barabara ya Dundori imeharibika na mvua, mara gemu za siku hizi hazina ladha. Nikakuamini kila mara. Halafu mama yako akanipigia simu.

Pale kwenye hema la mazishi ndipo nilipojua. Binamu yako alisimama na kusoma wasifu wako. Akasema uliugua uvimbe kichwani kwa muda mrefu, ukaanza kukufifisha macho kwanza, kisha ukakuchukua mkono wa kushoto. Muda mrefu. Wanawake wa kwaya walikuwa wakiitikia kwa kichwa kwa sababu walikuwa wakikuombea kila wiki. Dundori nzima ilijua. Mimi nilitambulishwa kama rafiki wa kazini. Hatujawahi kufanya kazi pamoja hata siku moja, mimi nauza dawa za mifugo hapa mjini, na wewe unajua hilo. Walitaja ng'ombe wako, walitaja ushirika wa vijana, na kuhusu gemu hawakutaja lolote, kana kwamba zile Jumapili zote ulikuwa hujazaliwa.

Ulikaa kwenye kochi langu na mkono usiousikia ukasingizia pad. Ulinitazama usoni ukaniambia gemu ndiyo mbaya.

Ungeniambia ningefanya nini? Sijui. Mimi si daktari. Ningekuvuta tu. Gemu yenyewe ndiyo hiyo, Njuguna, mmoja anaanguka na mwingine anavuta, wameitengeneza hivyo makusudi. Kwaya uliiruhusu ikuvute. Mimi ulinikataza.

Jumapili iliyopita nilipanda Dundori kumsalimu mama yako. Alinipa uji, tukakaa, halafu akauliza, "Kiprono, hiyo kitu mlikuwa mnacheza na yeye ni gani?" Kompyuta ilikuwa kwenye mkoba pamoja na pad zetu mbili, kwa sababu nilikuwa nimeiweka tena ile gemu na sikuwa na mtu wa kucheza naye. Nikamwonyesha. Nikampa pad yako. Aliishika kama kikombe cha uji wa moto, akamwelekeza yule ndugu mmoja moja kwa moja shimoni.

Nikamvuta. Akaanguka tena.

"Sasa huyu mwenye ananivuta ni nani?"

"Ni mimi, mama."

Aliifuta pad kwa leso yake, ingawa haikuwa chafu. Kisha akaniambia ile Jumapili ya mwisho uliyokuja kwangu ulifika nyumbani ukakaa kwenye gari nje, hukuingia, mpaka akakufuata na mwavuli. Ulikuwa unalia.

"Alisema ulimvuta mchana yote, ukifikiria anacheza."

Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na boma la ng'ombe. Sikulia, kama unataka kujua. Nilikuwa na hasira ya kupiga ukuta. Ulikuwa na machozi ya kumpa mama yako, mimi ukanipa mbili. Niliporudi ndani nilimkuta bado ameshika pad yako, anangoja, yule ndugu wake akining'inia kwenye kamba.

"Vuta basi," akaniambia. "Usiniache hapa."

Basi ahadi yangu ni hii. Kila Jumapili ibada ikiisha nitapanda Dundori na kompyuta, na mama yako atashika pad yako, mpaka tufike chini ya kile kisima. Tutachelewa sana. Hajui kuruka, anasalimia kila popo tunayekutana naye, na kitufe cha kuvuta anakibonyeza wakati mimi sijaanguka. Hilo sitalilalamikia.

Sikuagi kwa amani, kwa sababu sina. Pumzika tu, hapo ulipo hakuna pad ya kusingizia. Hasira ikiisha nitakuja kaburini nikuambie, na isipoisha nitakuja hivyo hivyo.

Na hukumu yangu hujaisikia, maana hukungoja. Ni tisa. Nilikuwa nayo mdomoni siku ile, tukishuka ngazi, na wewe umeshika ukuta.

Kiprono