Ushuhuda wa Maganda

Dandora, 4 Machi 2024

Binti yangu Lorine,

Salamu katika jina la Bwana. Huku tu wazima. Wewe je, baridi ya Njoro imepungua? Kwenye simu sisikii vizuri, ndiyo maana nashika kalamu.

Uliponiandikia kwamba huko maabara mmetoa dawa kwenye maganda ya machungwa ikaimarisha mifupa ya panya, nililia kwa furaha. Sasa naokota maganda kwa muuza juisi, naanika, natwanga, nachemsha, nakunywa kikombe kila siku. Vile vidonge vya mifupa vinavyonichoma kifua nimevipumzisha. Jumapili nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda.

Mama yako


Njoro, 11 Machi

Mama mpendwa,

Natumai hujambo. Mimi barua yako imenikosesha raha. Tuliwapa panya kitu kilichochujwa na kupimwa, si maganda ya kuchemsha, na kwa binadamu bado hatujui lolote. Panya wetu hawabebi ndoo kama wewe, Mama. Machungwa kula, lakini rudi kliniki, uwaambie vidonge vinakuchoma.

Mwanao Lorine


Dandora, 18 Machi

Lorine,

Hujambo mwanangu? Nimekusikia, ingawa umenigombeza kama mtoto. Kliniki wamenibadilishia vidonge.

Shida ni Mama Mulama, jirani aliyekulea nikiwa kiwandani. Mifupa yake ni dhaifu kuliko yangu, na baada ya ushuhuda wangu alitupa vidonge vyake chooni. Anasema, "Kama ni Lorine amesema, mimi ni nani nibishe?" Nitamwambia baada ya Pasaka. Nikisema sasa hivi, akina mama wote kanisani wataniona mwongo.

Mama yako


Njoro, 21 Machi

Mama,

Salamu zangu leo ni fupi. Mwambie leo, usingoje Pasaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Naogopa sana.

Lorine wako


Dandora, 8 Aprili

Mwanangu,

Mimi ni mzima, na hilo ndilo linaloniuma. Jumamosi ya Pasaka Mama Mulama aliteleza penye mfereji. Alianguka kidogo tu, kama mtu anayeketi, na nyonga ikavunjika. Nilikuwa bado sijamwambia.

Jana nilienda wodini nimwambie. Kabla sijafungua mdomo akanishika mkono. "Mama Lorine," akasema, "hebu muulize mtoto wetu. Sasa hayo maganda niongeze, yawe vikombe viwili?"

Nikamwambia nitakuuliza.

Mama yako