Chumvi Aliyoitia Mama

Mjukuu wangu Somoe,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku Kikole hatujambo. Mikorosho imetoa maua, na babu yako bado anabishana na kikohozi chake.

Umeniuliza kwa nini siku hizi mama yako analowa jasho ghafla na kusema kuna mtu nyuma yake. Nitakuambia nilichokiona kwa mama yangu.

Utotoni mwangu, mwanamke akiwa katika siku zake hakutia chumvi chunguni. Mama aliniita mimi nije kuitia, kwa kuwa sikuwa nimevunja ungo. Halafu ikapita miezi haniiti. Nikadhani nimemkosea.

Asubuhi moja ya kipupwe nilimkuta uani, khanga imelowa, mvuke unapanda mabegani mwake kama chungu kilichofunuliwa. Alikuwa anasikiliza. Uani hapakuwa na mtu mwingine.

"Nimekusikia," alisema taratibu. "Subiri nipike." Kisha akachota chumvi kwa mkono wake, akatia.

Nilimkimbilia bibi yangu nikilia kwamba mama ana pepo. Bibi hakushtuka. "Damu imekoma," akasema. "Wote tulipumuliwa shingoni hivyo. Mpelekee khanga kavu."

Umri ule ulinifikia nami. Jasho lilikwisha miaka mingi iliyopita, lakini pumzi ile haijaondoka. Hata sasa ninapoandika iko shingoni.

Mpe mama yako khanga kavu, na umwambie asiogope. Mimi niligeuka mara moja tu, nikamjua: alikuwa mama yangu, ana chumvi mkononi.

Bibi yako