Nilimwambia Aondoe Shaka

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako, mimi ni fundi cherehani na mume wangu ni seremala, tuna watoto, tumeishi miaka kumi na tisa bila kupigiana kelele, sasa mwaka jana sauti yake ikaanza kukwaruza, akaniambia tukiwa mezani, “Mke wangu, nina shaka na hili koo,” nami huku natunga uzi nikamjibu, “Ondoa shaka, ni vumbi la mbao hilo,” na kila aliposema tena nikamjibu hivyohivyo, mara ya nne nikamcheka kabisa kwamba amekuwa kama bibi harusi, kutwa kujikagua kwenye kioo, basi akanyamaza, akawa anakunywa supu tu, nami nikadhani hana hamu ya kula.

Hospitali alipelekwa na dada yake, si mimi. Daktari akatuita mimi na wifi pembeni, akasema uvimbe umeshasambaa, kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Mwenyewe hajaambiwa. Jana namfuta mikono akanong’ona, “Nitashika randa tena?” Nikasema, “Bila shaka.” Akageukia ukutani. Shangazi, akiniuliza tena nimjibu nini?

Mshonaji

Pole sana, mama. Ugonjwa hukumpa wewe, na hakuna anayeweza kukuapia kwamba miezi ile iliyopotea ingemponya. Mzigo huo utue.

Ila kosa lako lipo, na nitalisema. Mtu akikuambia “nina shaka”, anataka uishike pamoja naye. Wewe ukamwambia aiondoe, naye akaiondoa kweli, mbele yako tu, akabaki nayo peke yake. Ndiyo maana safari ya hospitali alimwambia dada yake. Na hiyo “bila shaka” tumeizoea mno, hata mtu akiuliza kama chai ipo tunamjibu hivyo. Kwa mgonjwa anayeujua mwili wake, uliufunga mlango.

Kesho usiende hospitali na msafara wa ndugu. Mwombe daktari amweleze, nawe uwepo, umeshika mkono wake. Akikuuliza habari ya randa, mwambie, “Nina shaka, mume wangu, na ninaogopa.” Halafu funga mdomo. Usikimbilie kumpoza. Akitaka kuzungumzia watoto au karakana, msikilize mpaka amalize, hata kama kwa sauti hiyo itamchukua saa nzima. Na umwombe radhi kwa kile kicheko.

Huenda asikujibu. Kaa hapohapo.